Majibu yetu yalikwenda wapi? Historia ya wanafunzi waliotumwa sokoni

BUTEMBO – Wakaaji wa mitaa yetu, na zaidi jamaa zilizohama vita kutoka vijiji vya Beni, Lubero na Rutshuru, wamezoea kumuona kijana mwenye karatasi na kalamu. Anasalimia vizuri, anasema yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kiisha anaanza kuuliza. Unauza nini? Ulianza na franka ngapi? Kwa siku unapata ngapi? Una watoto wangapi? Mama anajibu huku anapimia wateja wake unga. Kijana anashukuru, anakwenda. Baada ya miezi fulani anapata diploma, picha zinapigwa, mbuzi anachinjwa. Mama hajui hata kichwa cha kitabu kilichoandikwa juu yake.

Kwenye redio swali hili linatufikia mara nyingi: majibu tuliyotoa yalikwenda wapi? Wengine wanauliza kwa hasira, wengine wanacheka tu. Ni swali lenye historia ndefu, na historia hiyo imepita hapa kwetu, Butembo na Kisangani, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tuanze na neno lenyewe. Wenzetu wa Tanzania wanasema mjasiriamali, yaani mtu mwenye ujasiri wa kuweka mali yake hatarini. Sisi tunasema mfanyabiashara, au tunachukua Kifaransa, «entrepreneur», ingawa kwa watu wengi hapa huyo ni mtu wa kujenga nyumba na barabara. Aliyelitia neno hilo katika elimu ya uchumi ni Richard Cantillon, mtu wa asili ya Ireland aliyefanya kazi ya benki Paris. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, yeye akiwa amekufa zaidi ya miaka 20. Alisema hivi kwa maana: huyu ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Mama aliyenunua gunia la makala asubuhi na hajui kama jioni barabara itakuwa wazi, Cantillon alimjua.

Lakini kwa muda mrefu maprofesa hawakumtazama mama huyo. Walipotaka kujifunza biashara walitazama viwanda, benki, na kampuni zenye ofisi na karani. Muuzaji wa barabarani aliandikwa katika vitabu vya serikali kuwa hana kazi.

Kutoka Accra hadi Kisangani

Katika miaka ya 1960 kijana Mwingereza, Keith Hart, alikwenda kukaa katika mtaa wa Nima, mjini Accra, Ghana. Alikuwa anasomea udaktari wa antropolojia. Aliishi na watu waliotoka kaskazini ya Ghana kutafuta maisha mjini. Kwa hesabu za serikali wengi wao hawakuwa na kazi. Hart aliona kinyume: mtu mmoja alikuwa na kazi tatu au nne, anauza vitu, anapangisha chumba, anakopesha fedha, anatengeneza viatu. Mwaka 1971 alieleza jambo hilo katika mkutano wa wasomi huko Sussex, Uingereza, na makala yake ikatoka 1973. Mwaka 1972 kikundi cha wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani kilichotumwa Kenya kilitumia wazo hilohilo katika ripoti yake, na tangu hapo dunia nzima inasema «sekta isiyo rasmi». Kenya wanaiita jua kali. Sisi tunaiita Article 15, na kila mtu anaelewa: jitafutie.

Kwetu Zaire wakati huo mambo yalikuwa moto. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Waliopewa waliitwa «acquéreurs». Wazee wetu bado wanasimulia. Wengi wa waliopewa walikuwa watu wa siasa na jamaa zao, hawakuwa wafanyabiashara. Waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, wakala fedha, rafu zikabaki tupu. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali, lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ya biashara ambayo inchi yetu imepata, na halikutolewa darasani: duka bila ujuzi wa duka ni ukuta na bati tu.

Katika mabaki hayo ndipo watafiti walipoanza kuuliza maswali ya maana. Janet MacGaffey, mama mwanaantropolojia, alifanya utafiti Kisangani karibu na mwaka 1980, na kitabu chake kilitoka 1987. Alikuta kwamba pembeni ya wakubwa waliotajirika kwa cheo kulikuwa na wafanyabiashara wengine waliopanda bila serikali. Kati yao walikuwa wanawake, na Wanande waliotoka Kivu na kupeleka maharagi na mboga Kisangani. Mambo haya bibi zetu waliyajua. Lakini hayakuwa yameandikwa, na kitu kisichoandikwa hakiingii katika mpango wa serikali wala wa benki.

Jina lingine ambalo vijana wa Butembo wangepaswa kulijua ni Vwakyanakazi Mukohya. Mwaka 1982 alimaliza kazi yake ya udaktari juu ya wafanyabiashara wa Butembo, kuanzia 1960 hadi 1980. Alionyesha namna watu walivyojenga biashara bila mkopo wa benki, kwa kutegemea ukoo, imani na kuaminiana. Mwaka 1991 yeye, MacGaffey, na wenzao wengine, Rukarangira wa Nkera, Brooke Schoepf, Walu Engundu, Makwala ma Mavambu, walitoa kitabu kimoja juu ya uchumi wa kweli wa Zaire. Huyu alifuata kahawa na dhahabu za Kivu ya Kaskazini, yule alifuata biashara ya Shaba, mwingine alihesabu pamoja na wamama wa Kinshasa fedha zinazoingia na kutoka nyumbani. Ilikuwa kazi ya kikundi, kila mmoja na sehemu yake, na ndiyo sababu ina nguvu: mtu mmoja peke yake hangefika mipaka yote hiyo.

Hapa lazima niseme wazi. Kazi hizo ni nzuri, na bila hizo tungekuwa maskini zaidi katika kujijua wenyewe. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza, zikachapishwa Uingereza na Marekani. Mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua daftari lake mbele ya mtafiti hakuweza kusoma kilichoandikwa. Swali la wasikilizaji wetu lilianza hapo.

Njia ya pili

Wakati watafiti wa Afrika wanajifunza kumuona mfanyabiashara mdogo, upande mwingine wa dunia watu walikuwa wanahangaika na swali tofauti: mwanafunzi wa biashara afundishwe namna gani? Chuo cha Harvard, Marekani, kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908. Huko walizoea kufundisha kwa visa. Mwanafunzi anapewa karatasi zinazosimulia taabu ya kampuni fulani, anasoma usiku, kesho anasimama mbele ya wenzake kusema angefanya nini. Mwaka 1947, vita kuu ikiwa imekwisha, profesa Myles Mace alifungua pale somo la kuanzisha biashara mpya. Wanafunzi 188 walijiandikisha, na wengi katika shule hiyo wakati ule walikuwa askari waliorudi vitani. Hawakutaka kungojea kampuni kubwa iwape kiti, walitaka kuanza chao wenyewe. Nafikiri wasikilizaji waliopoteza kila kitu vitani wataelewa hamu hiyo haraka kuliko mimi.

Ila kisa cha karatasi kina upungufu. Mwenye duka hayumo darasani. Mwanafunzi akikosea, hakuna anayelala njaa.

Wanafunzi wa Ufaransa waliona upungufu huo. Mwaka 1967, katika shule ya biashara ya ESSEC, waliunda shirika lao lililoitwa «Junior-Entreprise»: wanafunzi wenyewe wanapokea kazi kutoka kwa kampuni za kweli, wanafanya uchunguzi, wanatoa ripoti, wanalipwa. Mpango ulisambaa, na mwaka 1988 ulifika Brazili, ambako umekuwa mkubwa sana. Huko Marekani, mwaka 1972, ofisi ya serikali inayosaidia biashara ndogo ilianza kufanya mapatano na vyuo vikuu. Kikundi cha wanafunzi, wakiongozwa na profesa, kinakwenda kwa mwenye karakana, au duka la mkate, au shamba, kinamsaidia muda wote wa muhula. Mwenye biashara halipi kitu. Serikali inakipa chuo fedha kidogo. Mwishoni ripoti iliyoandikwa inawekwa mkononi mwa mwenye biashara. Fedha za serikali zilikatika katikati ya miaka ya 1990, lakini vyuo vingi viliendelea.

Tofauti na mémoire zetu iko wapi? Katika mémoire, mama wa sokoni ni mtu wa kuulizwa. Katika ushauri, mama ni mteja. Mwanafunzi ana deni kwake. Asipopata ripoti, kazi haijakwisha na alama hazitolewi. Ni jambo dogo katika kanuni za chuo, lakini linabadili namna ya kukaa mbele ya mtu.

Na kwa nini kikundi? Sababu ya kwanza ni ile ya kitabu cha 1991: hakuna mwenye ujuzi wote. Mmoja anajua hesabu, mwingine sheria na kodi, mwingine anajua tu kunyamaza na kusikiliza, na huyo mara nyingi ndiye anayeleta habari nzuri. Sababu ya pili ni kwamba kikundi kinagombana. Mmoja anachelewa, mwingine anataka kusema peke yake mbele ya mteja, mwingine haandiki sehemu yake. Wanaofundisha kazi hii hawaoni ugomvi huo kuwa ajali, ni sehemu ya masomo. Ndiyo maana kikundi huwekwa kidogo, watu wanne au sita, kila mmoja anaandika kila juma alichofanya, na mapatano na mteja yanawekwa kwenye karatasi kabla ya kuanza: tutachunguza nini, tutamaliza lini, siri gani hatutazitoa.

Gunia la makala

Tuchukue mfano ili jambo lisibaki la vitabu. Hesabu hizi ni za kufikirika, lakini kila mchuuzi atazitambua. Mama anauza makala. Anawaambia wanafunzi: shida yangu ni wateja, wamepungua. Kikundi kisichofundishwa kitakimbia kumpa shauri la kutafuta wateja, abadili mahali, aweke kibao. Kikundi kilichofundishwa kinakaa naye kwanza juma mbili na daftari.

Gunia ananunua franka 40 000. Chukudu 5 000. Kodi ya mahali 1 000. Anagawa mafungu 58 ya franka 1 000. Anabaki na 12 000 kwa gunia, magunia mawili kwa juma, yaani 24 000. Si mbaya. Lakini siku ya tano mama anataja, kwa sauti ya chini, kwamba alikopa 100 000 kwa mtu wa mtaa, na kila juma anamlipa 10 000 za faida tu, deni lenyewe halipungui. Kumbe kinachobaki ni 14 000, franka 2 000 kwa siku, na watoto wanangoja. Shida haikuwa wateja. Hata wateja wangeongezeka, yule wa mtaa angekula sehemu yake kwanza.

Kama mama angeingia katika kikundi cha akiba, hizi AVEC zetu, na kukopa 100 000 hizo kwa asilimia 5 kwa mwezi, angelipa faida ya 5 000 kwa mwezi badala ya 40 000. Kwa njia, mpango huu wa vikundi haukutoka Ulaya: ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wamama wa vijijini, na likelemba za babu zetu ni za zamani zaidi. Kazi ya wanafunzi sasa ni kuuliza kama mgeni aliyehama anakubaliwa katika AVEC ya wenyeji, nani atamdhamini, na kama angerudi kwao katikati ya mzunguko itakuwaje. Hapo ndipo utafiti na ushauri vinapokutana. Swali la udaktari mzima limo ndani ya gunia moja.

Muone pia kwamba mama hakutaja deni siku ya kwanza. Karatasi ya maswali 40 inayojazwa kwa dakika 20 isingelipata kamwe. Na alipolitaja, alijiweka hatarini. Katika kambi au mtaa wa wahami, habari ya nani ana fedha na nani anadaiwa inaweza kuleta wezi usiku, au watu wenye bunduki. Kwa hiyo siri ya mteja, ambayo huko ng'ambo inafundishwa kwa sababu ya ushindani wa kampuni, hapa ni jambo la usalama. Mwanafunzi anayesimulia hesabu za mama kwenye kilabu cha pombe angepaswa kufukuzwa kwenye kikundi.

Na vyuo vyetu?

Tukumbuke tulipoanzia. Lovanium ilifunguliwa 1954, chuo cha Elisabethville 1956, na siku ya uhuru Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Mwaka 1971 vyuo vyote vitatu, pamoja na kile cha Kisangani, viliunganishwa kuwa UNAZA, vikatenganishwa tena 1981. Vyuo vya huku kwetu, kama Université Catholique du Graben ya Butembo na Université Catholique de Bukavu, vilizaliwa 1989, mishahara ya serikali ikiwa tayari imeanza kuwa hadithi. Kufundisha wakati huo kulikuwa ushujaa. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupanga ushauri wa vikundi.

Leo mambo yamebadilika kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali inataka vyuo vyote vifuate mpango wa LMD, ambao unahesabu pia kazi anayofanya mwanafunzi nje ya darasa. Kwa hiyo mlango upo: kikundi cha wanafunzi wa masta kinaweza kupewa alama kwa muhula mmoja wa kumshauri fundi cherehani, mwenye kinu au chama cha wamama waliohama. Na watafiti wa Kivu wenyewe wameanza kusema. Tangu 2019, katika maandishi yaliyoitwa Bukavu Series, waliandika namna wanavyotumwa kukusanya habari mahali pa hatari na majina yao hayaonekani katika kazi inayotoka. Anayejua uchungu wa kusahauliwa na profesa wa mbali anaweza kuelewa uchungu wa mama aliyesahauliwa na yeye.

Naogopa kitu kimoja tu katika mtindo huu wa ujasiriamali unaosifiwa kila mahali. Ni rahisi kumwambia mtu aliyehama kwamba anabaki maskini kwa sababu hana akili ya biashara. Barabara ikifungwa, vizuizi vikiwa na kodi zao, benki zikifunga milango kama zile za Goma na Bukavu zilivyofanya mapema 2025, hakuna kikundi cha wanafunzi kitakachotengeneza hayo kwa daftari. Ripoti nzuri ya ushauri inatenganisha: hili mama anaweza kulibadilisha, hili si lake, ni la viongozi. Sehemu hiyo ya pili isifutwe eti kwa sababu mteja hakuuliza. Ikiandikwa na vikundi kumi juu ya wamama kumi, inakuwa habari ambayo redio, shirika la kiraia na hata bunge la mkoa haliwezi kuipita kimya.

Kwa sasa, wasikilizaji na jamaa zetu mlio katika familia za wenyeji na katika kambi, mwanafunzi akija na karatasi mna haki ya kumuuliza naye. Profesa gani anamuongoza, na namba yake ni ipi. Nani mwingine atasoma majibu. Kama jina litaandikwa au la. Atarudi lini, na atasoma matokeo kwa lugha gani, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili, maana ripoti ya Kifaransa chenye kurasa 80 si kurudi. Mnaweza kukataa swali moja na kujibu mengine. Mnaweza kukataa yote, na msaada wa chakula hautegemei jibu hilo; anayesema unategemea, mtoeni taarifa kwa kamati ya kambi. Na ninyi wanafunzi wa masta mnaosikiliza: wiki ijayo katika kipindi cha Jumamosi tunafungua dakika 15 kwa kikundi chochote kitakachokuja kusoma matokeo yake hewani, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliowajibu.